Shavu la Baba Yako

Nyumba ya Mukbil,
Juu ya kisima cha zamani,
Mlima Sabir, Taizi,
Yemen.
9 Oktoba 2023

Mpendwa mwana wa kaka yangu, Ghamdan,

Amani ya Mungu ikufikie huko Birmingham kwenye baridi, na ikukute mzima wa kifua, wa tumbo na wa usingizi. Vipi hali yako? Unakula chakula chenye moto au bado unashindia chai? Bado unafanya kazi usiku na kulala mchana kama popo? Nijibu yote haya, moja moja. Usiniandikie alhamdulillahi moja ukadhani umenimaliza.

Mimi mzima. Nina nguvu na akili zangu zimezidi. Kwa mfano, ile picha ya marehemu baba yako iliyoharibiwa na mvua nimeitengeneza mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii hii, na sasa baba yako anang'aa kama bwana harusi. Mtaa mzima unaniita fundi.

Haya, nimesema uongo. Zamani ningeweza kuuvusha uongo hadi ukurasa wa pili. Sasa hata aya moja inanishinda. Picha imetengenezwa kweli, lakini aliyeitengeneza ni mzee mmoja wa Ufini ambaye sijawahi kumwona wala kumpa hata kikombe cha maji. Mchango wangu ni shavu tu. Nitakueleza.

Naanza na jambo zito, kwa kuwa ndilo lililozaa mengine. Macho ya mama yako yanakwisha. Daktari wa mjini kasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinabembelezwa na dawa ya matone mpaka nacho kiondoke. Takiya sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilicho mbele yake kabisa anakiona, cha pembeni hakipo. Anagonga mlango wa jikoni, halafu anautukana mlango.

Halii. Unamjua mama yako. Siku ile tuliyotoka kwa daktari aliniambia, "Shemeji, milima nimeiona ya kutosha, na wewe nimekuona hadi nimekinai. Nataka nyuso mbili tu kabla giza halijaingia. Ya Abdulwasii na ya mwanangu."

Basi tukaitafuta picha ya Abdulwasii. Nayo ni moja tu duniani, kwa sababu baba yako alikuwa anaikimbia kamera kama mbuzi anavyokimbia kisu. Tukaikuta ukutani pale ilipokaa siku zote, na mvua za Agosti zimeshapita juu yake. Dari ilivuja kwa nyuma. Picha imeganda kwenye kioo, jicho moja limeyeyuka, mdomo umekwenda, na upande wa kushoto wa uso umebaki doa kubwa la rangi ya kahawa. Nikampelekea mpiga picha wa sokoni. Akaigeuza, akainusa, akasema, "Mzee, hii izike."

Hapo ndipo binti yangu Bilkis alipoingia. Mwalimu mzima, lakini kila jioni macho yake yako kwenye simu. Akaniambia kuna watu mtandaoni wanaotengeneza picha zilizoharibika za watu wa nchi za vita na za shida. Unawatumia, wanaitengeneza, wanakurudishia.

Nikamuuliza, "Wanataka nini?"

"Hawataki kitu, baba."

"Hakuna mtu asiyetaka kitu. Hao ni wezi."

"Watakuibia nini wewe? Mbuzi?"

"Basi ni wezi wavivu," nikamwambia. Hata hivyo akaipiga picha ile picha, akaituma.

Aliyeipokea anaitwa Teuvo. Alikuwa dereva wa treni, sasa amestaafu. Mkewe amefariki, na alijifunza kazi hii kwa kutengeneza picha za mkewe. Zilipokwisha za kwake, akaanza kutengeneza za watu wengine, kwa sababu, alivyomwandikia Bilkis, mikono ilikuwa imezoea kuwa na mtu wa kumshughulikia. Nami nimekaa nyumba yenye mto mmoja usiolaliwa.

Hazikupita Ijumaa mbili, picha ikarudi. Ghamdan, jicho lilikuwa limerudi mahali pake! Kilemba kimerudi uzi kwa uzi. Bilkis alilia. Mimi nilikuwa na mafua. Tukaichapisha mjini, tukaitia kwenye fremu mpya, nikaipeleka mwenyewe kwa mama yako nikiwa nimevaa koti langu zuri.

Takiya akaisogeza karibu na pua. Akaipitisha taratibu mbele ya lile tundu lake la ufunguo, paji la uso, jicho, jicho la pili, pua, mdomo. Akarudi juu, akaanza upya.

"Mzuri," akasema. "Nani huyu?"

"Nani tena! Mumeo."

"Mukbil, leo sitaki mizaha."

"Wallahi ni Abdulwasii."

"Abdulwasii wangu kila alasiri shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa miraa mpaka ungedhani amemeza kiatu. Nimemnunia kwa ajili ya shavu hilo, nimemcheka kwa ajili ya shavu hilo. Huyu wako ni karani wa forodha." Akailaza fremu kifudifudi juu ya godoro, akageukia ukutani. Nikasikia anasema polepole, si kwa kuniambia mimi, "Nilikuwa na mmoja wa kumwona, na huyo naye wamemchukua."

Nikaitazama tena picha. Kweli. Mashavu yote mawili sawasawa, laini, kama ya mtu wa benki. Kweli shavu nilikuwa nimeliona halipo, lakini nilifurahia jicho nikapita.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira, nikamwambia Bilkis aandike maneno ninayomtajia. Nilianza na punda nikamalizia na bibi yake Teuvo. Bilkis aliandika muda mrefu na kwa adabu sana usoni, kwa hiyo najua hakuandika hata neno langu moja.

Jibu likaja kesho yake. Teuvo alisema anaomba radhi. Aliona uvimbe mkubwa chini ya lile doa akadhani marehemu alikuwa na jipu la jino. Akafikiri, familia wana picha moja tu ya mtu wao, isiwe wanamkumbuka akiwa kwenye maumivu. Akauondoa uvimbe. Kasema kazi ile ndiyo iliyomchukua siku nyingi kuliko jicho.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Jipu la jino! Abdulwasii, aliyekuwa anang'oa misumari kwa meno! Halafu kicheko kikanikatikia katikati. Huko mwisho wa dunia, kwenye theluji, mtu asiyejua hata jina la mlima wetu alikaa siku nzima nzima anamhurumia kaka yangu jino. Hapa kwetu, nani amemhurumia Abdulwasii chochote tangu tumzike? Hata mimi huwa nampitia kaburini nikielekea kwa mbuzi.

Bilkis akamweleza mambo ya miraa, kwamba sisi tunayaweka majani shavuni kuanzia baada ya adhuhuri na hayatoki mpaka jua lizame, na kwamba mwanamume asiye na shavu alasiri tunamuuliza kama anaumwa. Teuvo akajibu kwamba sasa ameelewa, lakini shavu halisi mvua imelila. Hana pa kuliigiza. Je, yuko ndugu mwenye taya kama la marehemu, apigwe picha shavu likiwa hivyo, mwanga ukitoka upande ule ule?

Bilkis akanigeukia. Nikajua nimekwisha.

Unajua daktari amenikataza miraa kwa ajili ya tumbo. Na unajua nimebakiwa na meno manne, ambayo hayasalimiani. Wazee wenzangu wasio na meno huyatwanga majani kwenye kinu kidogo wakayaweka, lakini majani ya kutwanga hayavimbishi shavu. Yanakaa mdomoni kama uji. Kwanza nikajaribu ujanja. Nikakunja donge la mkate nikalitia shavuni.

Bilkis akatazama kwenye simu. "Baba, hilo ni shavu la mkate. Linang'aa kama puto."

"Mzungu atajuaje?"

"Mzungu hatajua. Mama Takiya atajua."

Basi nikanunua fungu la majani mabichi nikakaa dirishani, pale pale baba yako alipokaa siku aliyopigwa picha, nikaanza kutafuna moja moja. Nilianza asubuhi, maana kwa meno yangu isingewezekana kufika alasiri na shavu la maana. Jirani yetu Kaid akapita chini, akaniona.

"Mukbil! Asubuhi hii? Umeoa au umefiwa?"

"Nafanya kazi!" nikamjibu.

"Kazi hiyo wamekuajiri wapi, na mimi niombe?"

Saa za alasiri shavu lilikuwa limejaa. Lilikuwa linauma. Bilkis akasema, "Baba, cheka kidogo." Sikuweza kucheka kwa kuamrishwa. Akasema, "Baba Mkubwa alikuwa anacheka nini siku ile?" Nikakumbuka, nikacheka, akapiga.

Alikuwa anakucheka wewe. Mpiga picha alisimama mlangoni, na nyuma yake ulikuwa wewe, mtoto wa miaka mitatu hivi, umetoka kuingiza kichwa kwenye tanuri la mkate la mama yako lililopoa. Uso mzima masizi, macho mawili tu yanawaka, nawe umesimama kifua mbele unadhani umependeza. Mpiga picha anapiga kelele, "Tazama huku, tazama huku!" Baba yako hakumtazama. Alikuwa anakutazama wewe. Ndiyo maana kwenye picha macho yake yamekwenda pembeni na chini. Watu wote hudhani alikuwa anaona haya.

Picha ya pili ilipokuja sikuvaa koti. Nilimpa Takiya nikakaa mlangoni, tayari kukimbia. Akaipitisha tena kwenye tundu lake, taratibu, paji, jicho, jicho, pua. Akafika kwenye shavu, akasimama. Alikaa hapo muda mrefu mpaka nikafikiri amesinzia.

"Huyu ndiye," akasema.

Akaishika kifuani. Baadaye akaileta tena machoni, akakunja uso. "Lakini hili shavu ni lako, mzee mwongo. Lina makunyanzi yako."

"Nimemkopesha tu."

"Liache. Limemkaa."

Sasa ipo mbele ya kitanda chake, kwa usawa ambao akifungua jicho tu inaingia kwenye lile tundu. Asubuhi namsikia akiigombeza.

Tulimuuliza Teuvo tumpe nini. Kasema hataki kitu ila kujua marehemu alikuwa anacheka nini. Tukamwandikia habari ya masizi. Akajibu kwamba ameisoma mara nyingi, na kwamba amefurahi kuwa mtoto naye yuko kwenye picha ile, ingawa haonekani.

Sasa, mwanangu, uso wa pili.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikata. Kila ukimpigia mama yako, ni sauti tu. Akikuomba akuone, unasema mtandao mbovu. Mtandao huo huo umeleta shavu kutoka Ufini. Radman, mtoto wa fundi cherehani, alipokuja kwa arusi ya dada yake alinieleza habari ya moto kwenye kiwanda chenu cha mkate, na upande wa uso wako. Usimlaumu, nilimbana. Sijamwambia mama yako, wala sitamwambia. Hiyo ni kazi yako.

Najua unangoja. Labda ngozi itanyooka, labda daktari wa huko atakata hapa na kushona pale. Ngoja, ukitaka. Macho ya Takiya hayangoji. Na kumbuka huyu ni mwanamke aliyeletewa mume mzuri, laini, asiye na doa, akamlaza kifudifudi.

Radman ndiye anayebeba barua hii, pamoja na asali na maganda ya kahawa ya kuchemsha. Bilkis anakusalimu sana na anasema usinywe maganda hayo na maziwa, ni aibu. Kaid anakusalimu. Mama yako anakusalimu salamu ambazo siwezi kuziandika, kalamu yangu ni ndogo. Msalimie mkeo Nabiha, na uwabusu watoto vichwani kwa niaba yangu. Mungu akulinde na moto wa dunia na wa akhera, akutie nguvu ya kifua, akurudishe kwetu siku moja kwa miguu yako.

Limebaki deni moja. Kukaa dirishani na kumpa Abdulwasii shavu ilikuwa kazi ya mwanawe. Niliifanya badala yako, kwa meno manne, na tumbo likaniadhibu. Kwa hiyo nakudai, na deni langu ni dogo. Ijumaa baada ya swala, mpigie mama yako, ufungue kamera. Kaa karibu, taa iwe mbele yako, kwa kuwa tundu lake limekuwa dogo. Geuza uso polepole, pande zote mbili, umpe muda. Na usimtumie Teuvo kwanza.

Ami yako akupendaye, na shavu lake bado linamuuma,
Mukbil