Nilipouona Moyo wa Mama

Jumatano, alasiri. Kiembe Samaki.

Mvua ilianza adhuhuri na haijakatika, manyunyu tu, hayamloweshi mtu lakini nguo kambani hazikauki. Mama amelala. Nimekaa kitandani kwake na simu mkononi, naandika, na kila baada ya mistari miwili namtazama kifua.

Leo nimeuona moyo wake.

Nimeuona kwa macho haya, kwenye kioo cha kompyuta, katika chumba cha hospitali kilichozimwa taa. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, alimpaka Mama mafuta baridi kifuani, akapitisha kifaa chake taratibu, na moyo ukajitokeza. Kitu cha kijivu, kinafumba na kufumbua, bila kuambiwa na mtu. Ulikuwa ukifanya hivyo kabla sijazaliwa, Mama akipika, akisuka ukili, akinigombeza. Nilisahau tulichoendea. Nilitaka kukaa mle mpaka jioni.

Daktari alinionesha vyumba vinne. Damu iliyokwisha kuzunguka mwili hurudi upande wa kulia, ikasukumwa mapafuni kuchukua hewa, kisha ikaingia upande wa kushoto. Huko ndiko kwenye kazi kubwa, maana chumba kile cha chini lazima kiipeleke damu mpaka kwenye nyayo. Kuna vilango vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka. Ule mdundo ninaousikia nikiweka sikio kifuani kwa mtu, kumbe ni vilango hivyo vinavyojifunga. Nilipokuwa mdogo nikilala kifuani kwa Mama nikidhani kuna mtu ndani anabisha hodi.

"Moyo wa Mama unakamua, lakini haumalizi," daktari alisema.

Nikakumbuka kifumbu chetu cha kuchujia tui. Mkono ukiwa na nguvu, machicha hubaki makavu. Ukichoka, nusu ya tui hubaki humohumo, na mchuzi unakuwa maji. Basi hivyo ndivyo ilivyo kwa Mama. Damu inabaki nyuma, na maji yanashuka miguuni.

Daktari alimbonyeza muundi, na kidole kikaacha shimo. Akaniuliza kama dawa za asubuhi zinanyweka. Kabla sijajibu akachukua kidonge na kikombe cha maji, akampa Mama.

"Nimefunga, daktari," Mama akasema, kwa sauti ya chini.

Ni zile siku sita za Mfunguo Mosi, tunazofunga baada ya Ramadhani. Miguu ilianza kuvimba mara tu baada ya Idi, akapewa dawa mbili za asubuhi, akakatazwa kufunga kwa sasa. Lakini Mama ni mtu wa Mkokotoni, ukimkataza kitu ndiyo umemkumbusha. Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

Kwa sababu nilijua.

Siku tatu hizi kila asubuhi nimemwekea chai, na kila siku nikirudi kazini naikuta imepoa, ina utando juu. Naimwaga, nakiosha kikombe, sisemi kitu. Magharibi tunakaa mkekani sisi wawili, mimi nami nimefunga, yeye anachukua tende kabla yangu, na mimi najifanya sioni. Nilipenda kufuturu naye. Tangu aje kukaa kwangu sijawahi kumwona ametulia kama saa ile. Nikajiambia yeye ni mtu mzima, moyo wake anaujua mwenyewe. Mficha maradhi kifo humfichua, wamesema wahenga, na maradhi haya tuliyaficha watu wawili.

"Mama, hii ni sunna. Kunywa," daktari akamwambia.

"Nshafika ya nne."

Alikishika kikombe muda mrefu, halafu akanywa, na machozi yakamtoka. Pale kwenye kioo moyo wake uliendelea kufumba na kufumbua. Nimeona haya leo kuliko siku zote za maisha yangu.

Tulipofika nyumbani, alipokuwa anajilaza, akanishika mkono.

"Tatu zangu zilobaki basi, ziwache. Wewe zako malizia. Mimi ntakufuturisha."

Ameshapata njia yake. Anayemfuturisha aliyefunga hupata thawabu mfano wa zake, na Mama hakubali kuondoka mikono mitupu. Leo amesema anataka muhogo wa nazi, na tui atachuja mwenyewe, nisiguse kifumbu. Nitamwachia. Nitakaa karibu.

Sasa hivi nimeinama nikamwekea sikio mgongoni. Kimoja kizito, kimoja chepesi, halafu kimya kidogo, halafu tena. Nimesikiliza mpaka pumzi zangu zikaenda na zake, nikasahau kama mvua inanyesha.

Kesho asubuhi sitamwekea chai nikaondoka. Nitachelewa kazini, wacha wanune. Nitakaa naye mezani, na kidonge kiko kiganjani mwake, mpaka nikione kikombe kimebaki kitupu.