Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Jioni Zetu za Chakula cha Bure

Mpendwa Mama Mkwe,

Kula pamoja, kwa maana itakayotumika katika barua hii, ni watu wawili kutia chakula mdomoni mahali ambapo kila mmoja anaweza kuuona mdomo wa mwenzake. Si lazima chakula kiwe kimoja, wala meza. Watu wanaokula kwenye baraza mbili zinazotazamana wamekula pamoja. Waliopakuliwa kutoka sufuria moja huku ukuta ukiwatenganisha hawajala pamoja. Ninaanza na maana hii kwa sababu ni yako, si yangu, na kwa sababu nilipoisikia mara ya kwanza niliipinga, nikashindwa.

Huenda ukashangaa kwamba ninakuandikia hadharani. Nimelifikiria. Barua ya siri kutoka kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe wake ingekuwa kosa kubwa kuliko yote nitakayoyataja hapa. Barua ya wazi angalau ina mashahidi. Binti yako Nelima ameisoma kwanza, akacheka mahali ambapo sikukusudia, akasema naweza kuituma.

Wewe huhitaji maelezo, lakini shahidi anayetoka kwingine anayahitaji: kwetu Bungoma, mume wa binti na mama wa binti hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Si kwa sababu ya chuki. Ni heshima, na uzito wake ni kiasi kwamba tangu nimwoe Nelima sikuwahi kukusikia ukilitamka jina langu. Nilijua unanipenda kwa namna kuku walivyokuwa wakiletwa.

Ulikuja huku Maryland, Marekani, kumtunza Nelima baada ya kujifungua. Nyumba yetu ya Bowie ina chumba cha chini chenye mlango wake wa nje, choo chake na jiko dogo. Nami nilikuwa nimeamua, kabla hujapanda ndege, kwamba chumba chenye mlango wake wa nje ni nyumba nyingine. Ulipofika uliufungua ule mlango, ukaufunga, ukaufungua tena, ukakubali. Mtoto akawa anapandishwa na kushushwa ngazi kati yetu kama kifurushi. Kisha baridi ikazidi, bomba likapasuka, na katika nyumba nzima likachagua kupasukia kwako. Nelima alikukuta umesimama ndani ya maji, begi kichwani.

"Mmemwita mtoto Nafula, wa mvua," ulimwambia. "Mlitarajia nini?"

Kampuni ya bima ilitupeleka Greenbelt, katika hoteli ya watu wanaokaa wiki nyingi, ile ambayo kila chumba kina jiko, friji na sahani chache. Nilimpigia simu ofisa wao kueleza kwamba tunahitaji vyumba viwili, na visipakane. Aliuliza kama kuna sababu ya kiafya. Nikasema hapana, ni heshima. Akauliza, sasa kwa sauti ya chini, kama mmoja wetu anamwogopa mwenzake. Mimi hupenda kujibu swali kama lilivyoulizwa, kwa hiyo nilitafakari kidogo, nikamjibu: ndiyo, wote wawili, sana. Tulipewa vyumba viwili siku hiyohiyo, wewe na Nelima na mtoto mwisho mmoja wa korido, mimi mwisho mwingine.

Tungeweza kuishi hivyo bila tatizo lolote, lau si ugali. Uliusonga siku ya kwanza kwenye jiko la umeme ambalo halikuwa limeumbwa kwa kazi hiyo. Unga ukaungua, king'ora cha moshi kikalia, na hoteli nzima ikateremka kwenye maegesho ya magari, katika baridi. Walikuwapo wahandisi waliokuja kwa mambo ya anga, mwanamke aliyekumbatia paka, na wewe, mwiko mkononi. Mimi nilisimama upande wa pili wa gari la zimamoto, kwa umbali unaofaa.

"Mum, hakuna kupika tena," Nelima alisema. "Chini kuna chakula cha bure jioni. Tutakula huko."

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Hoteli za aina hii huwawekea wageni chakula na vinywaji jioni za mwanzo wa wiki: supu, tambi, nyama ya kusaga ndani ya mikate laini, majani mabichi, na kwa anayetaka, bia au mvinyo. Huwekwa katika ukumbi mmoja, kwa muda mfupi, kisha huondolewa. Ukumbi mmoja, muda mmoja, na familia ambayo watu wake wawili hawaruhusiwi kuonana wakitafuna.

Jioni ile nilishuka nikidhani mmekwisha kula. Nilijaza sahani, nikageuka, na hapo ulikuwa, meza ya dirishani, kijiko kikiwa njiani. Ulijifunika uso kwa leso. Mimi niligeuka kwa haraka nikammwagia mhandisi mmoja supu, naye akaniomba msamaha. Nilimalizia kula nikiwa nimeielekea mashine ya barafu, uso karibu kuigusa, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Pengine mambo yangeishia hapo, lakini mhudumu wa ukumbi, Mama Zawadi wa Bukavu, alikuwa amesikia Kiswahili chetu, na furaha yake haikuwa na breki.

"Papa, mbona unaacha mama yako ye peke? Si muzuri hivyo!"

"Si mama yangu," nilijibu bila kugeuka. "Ni mama mkwe."

"Mama mukwe? Sasa si ndiyo vizuri zaidi? Kuja, niko nakupangia meza!"

Kabla sijapata hoja ya kumjibu, alikuwa ameibeba sahani yangu na kuiweka mbele yako. Ukasimama, leso usoni, ukaondoka ukiipapasa njia kwa mkono, ukiacha chakula chako kizima. Mama Zawadi alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Iko ugomvi?" aliniuliza kwa huruma.

Siku iliyofuata uliishi kwa chai na mkate chumbani, na Nelima akaja mlangoni kwangu macho mekundu.

"Mum anataka tiketi ibadilishwe. Anasema heri akale mihogo kwake kuliko kukaa mahali mkwe anamwona akitafuna."

Sote tulijua maana yake. Likizo ya Nelima ilikuwa inakaribia kwisha, wodi yake ilikuwa inamsubiri, na mtu wa kubaki na Nafula alikuwa wewe. Hatukuwa na mwingine. Ungeondoka, mtoto ambaye hajakaza hata shingo angepelekwa kwa wageni.

Nilifanya ninachojua kufanya: nilijenga hoja. Nilimtuma Nelima akueleze kwamba mwiko unahusu nyumba. Kwamba nyumba ni mahali penye mwenyewe na jiko la mwenyewe. Kwamba hoteli haina mwenyewe miongoni mwetu. Kwa hiyo katika hoteli hakuna mkwe wala mama mkwe, kuna wageni tu. Jibu lako lilirudi upesi.

"Mwambie amesoma sana. Lakini hapa duniani mdomo ni mdomo."

Na baada ya hapo ndipo ukatoa ile maana niliyoanza nayo. Nikajitetea tena, na hapa nilikosea: nilisema kwamba neno 'bure' si sahihi, kwani bei ya chakula imo ndani ya bei ya chumba, na chumba kinalipwa na bima, na bima nailipia mimi.

"Kumbe chakula ni chake!" ulimwambia Nelima. "Sasa ndiyo siendi kabisa."

"Wewe, please, nyamaza," Nelima aliniambia. "Kila ukifungua mdomo anatoa nguo nyingine kabatini anaweka kwa begi."

Lililotokea mchana uliofuata nililisikia kwa Nelima. Uliteremka ukumbini wakati hapana mtu. Ulikaa kwenye kila kiti. Ulimpa binti yako biskuti, ukamsimamisha huku na kule, ukawa unamwamuru: "Tafuna. Sogea. Tafuna tena. Hapo bado nakuona shavu." Nimefanya utafiti kwa miaka mingi, na nimeona majaribio machache yaliyopangwa vizuri namna hiyo. Mwishowe ulifika kwenye nguzo ya katikati, ile nene iliyovikwa mawe ya bandia, yenye meza kila upande. Ukakaa. Nelima akatafuna upande wa pili.

"Sioni kitu," ulisema. "Sisikii kitu. Nitabaki."

Mama Zawadi aliagizwa asisogeze meza zile hata kwa upendo. "Aa, pardon, Mama, mimi sikujua," alisema. "Na kwetu iko hivyo hivyo. Hapa Amerika tunasahau." Tangu hapo alizilinda kama askari. Mhandisi yeyote aliyezikaribia alielekezwa kwingine.

Wala sikutarajia mazungumzo. Kigari cha Nafula kiliwekwa ubavuni mwa nguzo, mahali tulipoweza kumwona sote wawili, na katika jioni ya kwanza ya utaratibu huo nilisikia sauti yako, ambayo nilikuwa naijua tu kupitia kuta za jikoni, ikisema:

"Nafula, muulize baba yako hii nyama ni ya mnyama gani."

Nafula alikuwa anaangalia taa.

"Nafula," nikasema, baada ya kukohoa, "mwambie nyanya kwamba ni ya ng'ombe."

"Nafula, mwambie ng'ombe huyo alikufa zamani."

Ndivyo tulivyoanza. Siku nyingine nilichukua bia, nikaificha nyuma ya bakuli, na sauti ikatoka nyuma ya mawe: "Nafula, mwambie baba yako anywe polepole. Ni ya bure, hakuna anayemfukuza." Mpaka leo sijui uliionaje. Kwa kanuni za nuru haikuwezekana.

Kisha ikaja jioni ile uliyouliza, bila utangulizi: "Nafula, muulize baba yako anafanya kazi gani hasa. Kanisani nimewaambia ni daktari, lakini mtu akimweleza mgongo unamuuma, anasema pole tu."

Nikaeleza kwamba udaktari wangu ni wa udongo: kwamba napima udongo ukikosa kitu, na namna ya kuurudishia. Uma wako ulisimama. Nilisikia kabisa ukisimama.

"Nafula," ulisema taratibu, "mwambie baba yako mahindi yangu ya kule chini, karibu na mto, yakiwa machanga yanageuka zambarau kando ya majani. Jirani anasema ni jicho la watu. Muulize yeye anasemaje."

Nilisema nadhani si jicho la watu. Nilisema huenda udongo umekuwa mchachu, na udongo mchachu huishikilia fosforasi ukainyima mimea, na kwamba upimwe kwanza. Ikiwa ni hivyo, chokaa ya shamba itangulie, mbolea ifuate. Ukauliza kama chokaa hubaki mvua kubwa ikinyesha. Ukauliza kama samadi ya mbuzi ni sawa na ya ng'ombe. Ukauliza kwa nini kipande cha juu, chenye udongo uleule mwekundu, hakisumbui, na swali hilo lilinitaka nikuulize mimi nawe maswali, juu ya mteremko, juu ya kile kilichopandwa pale enzi za marehemu baba mkwe. Supu iliondolewa. Mama Zawadi akapangusa meza zote isipokuwa mbili. Mjumbe wetu alikuwa amelala zamani, nasi tuliendelea kumtuma.

Nyumba ilipokauka tulirudi Bowie. Ulishuka kwako, nikapanda kwangu, heshima ikakamilika. Nelima akarudi kazini, nawe ukamlea Nafula mpaka akaanza kutambaa, kama ulivyoahidi. Lakini nakiri kwamba mara kadhaa nilisimama juu ya zile ngazi, nikisikia vijiko vyako chini, nikitafuta swali la kutosha kuniteremsha. Sikulipata. Ndipo ukaondoka, na kwa muda mrefu sikuwa na mtu wa kuniuliza kuhusu samadi.

Mwezi uliopita kwenye simu ya Nelima iliingia picha kutoka kwako, bila neno hata moja. Aliitazama, akanipa. "Nadhani hii ni yako," alisema. Lilikuwa jani la mahindi machanga limelazwa juu ya kiganja chako. Ni la kijani mpaka ukingoni. Nimelichunguza kwa namna nisiyochunguza majani ya kazini.

Desemba tunakuja. Najua nitapokelewa katika nyumba ya baba mdogo wa Nelima, nitaletewa chakula huko, nawe utakuwa jikoni upande wa pili wa ukuta. Hilo silibishi. Shida yangu ni mjumbe. Nafula sasa anasema, tena sana. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na huhariri. Nilimpa simu juzi nikasema, "Mwambie nyanya chokaa iongezwe kabla ya mvua ndefu." Akaipokea kwa makini, akasema, "Grandma, Daddy says hi," akakata.

Kwa hiyo ninaleta jambo hili kwako, Mama, kwa kuwa wewe ndiye uliyetoa maana, na kwa kuwa ningependa kulijua kabla ya kufunga mizigo. Nakutakia magoti mepesi na ghala lililojaa, nami nitapokea uamuzi wowote kupitia Nelima, bila kukata rufaa. Maana yako inataja mdomo na macho. Inatuamuru tusionane tukila, nami nimeitii. Ila nimeisoma tena na tena, na sikuti popote inapoitaja sauti. Basi nikiwa nimekaa upande wangu wa ukuta, na wewe upande wako, na hakuna mtoto kati yetu, je, naweza kukuuliza mimi mwenyewe habari za shamba?

Mkwe wako,
Baba Nafula