Bango la Marehemu Lageukia Dirisha Langu

Shangazi Zuleikha, shikamoo. Naomba shauri lako maana akili yangu imefika mwisho. Mimi ni mjane wa hapa Muyeye, marehemu mume wangu Ziro alikuwa kinyozi, kibanda chake kiko mbele ya nyumba yetu na nje kuna bango la bati juu ya mlingoti wa chuma, limechorwa sura yake ameshika mkasi na jina lake chini, sasa alipofariki tukamzika kwao Magarini, kibanda nikakifunga, bango nikaliacha kwa kuwa sikuwa na moyo wa kulishusha.

Mwaka jana akanijia ndotoni akasema anaona baridi, nikamwambia shemeji yangu Randu, na kwetu Wagiriama marehemu akilalamika hivyo husimikiwa koma, kile kigogo cha kuchonga, nyumbani kwao, kikamwagiwa pombe ya mnazi, na kikishasimikwa haking'olewi, lakini Randu akaona uvivu kwenda Magarini kuita wazee, akafunga kitambaa kwenye mlingoti wa bango, akamwaga mnazi pale chini, akasema, "Sura yake hii, jina lake hili, koma gani tena wataka?" Tangu hapo, Shangazi, nikilala bango latazama barabara, nikiamka latazama dirisha langu, hata siku ambazo jani halitikisiki, nikaipaka sura yote rangi nyeupe nisiione, mvua ikanyesha, yakatokeza macho kwanza.

Sasa afisa wa mji amekuja, asema bango la biashara iliyofungwa lazima mwenyewe alishushe, tena hili limeoza chini, nisipolishusha kufikia mwisho wa mwezi watalikata wao, na Randu ameapa nikimng'oa nduguye nisimwite shemeji tena na litakalompata mwanangu nisimlilie yeye, na juzi kipande cha bati kimeanguka karibu na karai la Kabibi anayeuza mahamri pale chini, yeye akacheka, mimi nikakiokota nikaingia nacho ndani. Nikilishusha naogopa, nikiliacha naogopa. Nifanye nini?

Kahonzi, Muyeye

*

Marahaba, Kahonzi mwanangu, na pole sana. Kufiwa na mume kisha akawa akutazama kila asubuhi si jambo la kuchekwa.

Lakini nawe! Mlingoti umeoza, bati ladondoka, chini yake yuko mtu na mafuta ya moto, nawe wangoja mwisho wa mwezi? Mhamishe Kabibi leo hii. Hilo halihitaji mzee wala mganga. Mwenye bango ndiye wa kulitunza, na likimwangukia mtu hataulizwa Ziro, utaulizwa wewe. Kisha nenda kwa afisa huyo, mweleze kuna jambo la kimila, umwombe siku chache. Naye ni mtu, ana kwao.

Huyo Randu amenichefua. Mimi ni Mwislamu wa mjini, kwetu maiti huombewa dua, lakini nimekaa na majirani Wagiriama tangu utotoni na sijasikia koma ikisimikwa kando ya barabara kwa sababu mtu ameona uvivu wa safari. Randu, ndugu yako asema aona baridi, wewe wampa bati! Wasomee wazee wa Magarini barua hii, naye Randu akiwapo. Wamchongee Ziro koma yake nyumbani kwanza. Ikishasimama, mlete fundi wa kuchomelea mchana kweupe, afunge kamba, akate.

Kuhusu rangi, bila shaka ulipaka rangi ya maji juu ya kutu, haikai. Kugeuka huenda nati zimelegea. Kwa nini lichague dirisha lako tu, hilo sitakudanganya, silijui, na nilipofika hapo katika barua yako niliinuka nikafunga dirisha langu.

Ila aliyekuja ndotoni hakukutisha, Kahonzi. Aliomba, na hakuna aliyemjibu. Basi fundi akianza kukata, simama hapo hapo, shika mlingoti, wala usimwambie kwaheri. Mwambie, "Ziro, kwenu wako tayari. Twende."