Urithi wa Lyon Mezani

Dada Furaha,

Nakusalimia kutoka Lyon, Ufaransa, mji ambao ukuta ukipasuka hauitwi ubovu, unaitwa historia.

Jana binti yangu Neema alinipeleka kwenye mgahawa wa zamani ili tuonje urithi wa mji. Unamjua Neema: kule nyumbani kwetu Beechmont nikipika matumbo anafungua madirisha yote, hata theluji ikianguka. Bon, sawa. Mhudumu akatuletea urithi wenyewe: matumbo! Yamekaangwa, yamelazwa kwenye sahani nyeupe, na mshumaa pembeni. Neema akayapiga picha, akayala yote, macho ameyafumba kama mtu anayeomba. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza chake kile: "Mama, mbona wewe hutupikiagi vitu kama hivi?"

Nilikunywa maji kwanza.

Donc, kwa hiyo, dada yangu, yale matumbo niliyoyaficha kwenye friza yako, nitunzie. Nikirudi nitawasha mshumaa, nitayaita kwa Kifaransa, na wewe utakaa mezani kama mtalii. Kuyaosha, ataosha Neema.

Mungu akulinde, wewe, watoto na friza.

Mama Neema