Shahidi wa Kikosi cha Kubuni

Mwanjelwa, Mbeya, 9 Aprili 1977

Mdogo wangu Zaina,

Leo natimiza miaka ishirini na mitatu tangu niondoke kwetu Mlandege, Iringa. Nimepumzika hapa njiani kuja kwako, mvua na baridi tupu. Kwa mwenyeji wangu, walimu vijana wanacheza kikosi cha kubuni: mmoja polisi, mmoja forodha, mmoja askari wa wanyamapori. Wanamsaka mtu aliyepotea, waliyemtunga wenyewe.

“Afande, nyayo zake?” aliuliza polisi.

“Zimeingia mpungani Rujewa, hazikutoka,” akajibu wa wanyamapori. “Alibeba sanduku la bati.”

Nilishtuka. Ndiyo njia niliyopita nilipoondoka nyumbani, na sanduku lile lile. Sijapata kumwambia mtu.

“Mzee, wewe uwe shahidi,” wakanitania. “Ulimwona?”

“Nilimwona akizama,” nikasema, nikaeleza maji yalivyomfika kifuani, kisha shingoni. Hakuna aliyecheka tena. Nilipomaliza, niliamini kila neno.

Najua umenitandikia kitanda, na Iringa ni safari ya siku moja tu. Wabusu wanao wote, mdogo wangu, na usikae na baridi. Kaka unayemngoja alizama Rujewa. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Idi