Sauti ya Mama Ndani ya Wimbo wa Tatu

Shangazi mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni mwimbaji, nyimbo natunga mwenyewe, na baada ya miaka tisa ya kuitikia nyuma ya wenzangu nimekamilisha albamu yangu ya kwanza, Ijumaa naizindua ukumbini wazazi wakiwepo, muziki wa kompyuta na kinanda cha umeme, hakuna gitaa hakuna ngoma, nikaipa jina langu kamili, langu na la baba, maana baba, fundi bomba, ndiye aliyenizibia chumba cha kurekodia kwa magodoro ya zamani. Sasa wimbo wa tatu mdundo wake ni cherehani ya mama, niliacha simu ikirekodi chumbani kwake mchana kutwa bila kumwambia, kisha mwenzangu anayechanganya sauti akamkuta mama humo anaongea na mama mdogo, akakata kipande, akakipunguza kasi, akakirudiarudia nyuma ya kiitikio, nami nikasikia mvumo tu nikasema safi sana.

Jumapili baba akavaa hedifoni akasikiliza albamu nzima, wimbo wa tatu akaurudia, akasema, "Hiyo sauti ya nyuma itoe. Jina liache hivyo hivyo." Nikacheka, nikadhani ni wazee na muziki wa kisasa, ila likanikaa rohoni, nikafungua rekodi yenyewe kwa kasi yake ya kawaida, na Shangazi, mama anasema, "Huyu binti si wa mume wangu, na mpaka leo hawajui, si yeye si mtoto." Sili silali. Jalada limeshachapwa. Nibadilishe jina? Nimfiche baba?

Mwimbaji, nimeishiwa nguvu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mkono mdomoni. Pole, pole kweli. Lakini ngoja nikuseme kwanza. Nani alikutuma kutega simu chumbani kwa mama yako? Ulitaka cherehani, ungeomba cherehani. Halafu kipande hujakisikiliza vizuri, unakipitisha, unaweka na jina lako juu. Huo ni uzembe na unaujua.

Sasa tulia. Unasema umfiche baba. Umfiche nini? Rudia alichokuambia Jumapili. Habari ya jina hukumuuliza, kaitaja mwenyewe. Mzee anaijua sauti ya mkewe hata ukiivuta namna gani. Kama alijua tangu zamani au kajulia kwenye hedifoni zako, mimi sijui, na wewe usiende kumhoji. Jina kakuachia, basi jalada usiliguse.

Leo hii nenda kwa huyo mchanganya sauti, kipande kitoke wimboni na kwenye mashine yake, na umwambie afunge mdomo.

Kisha nenda kwa mama, ukiwa peke yako, na simu iache nyumbani. Usiende kufoka. Mwambie ulivyomrekodi, omba msamaha, mwambie na baba kasikia. Hapo nyamaza. Wewe utakuwa na maswali mengi, na haki ya kuuliza unayo, ila siku hiyo si yako. Wa kuongea na baba ni yeye, tena kabla ya Ijumaa, kwa sababu siku hiyo watakaa wawili viti vya mbele wakikupigia makofi, na usithubutu kumwacha mama yako aingie ukumbini akiwa ndiye peke yake asiyejua.