Debora Alikuwa Nyumbani

Jumatatu, 6 Juni 1955

Nimepiga pasi magauni meupe ya mwanangu Debora tena. Hayajavaliwa. Nimeyatia wanga wa muhogo, nikayakunja, nikayarudisha sandukuni. Mkono ukikaa bure, moyo unawaza mabaya.

Anangoja. Hospitali moja ya Uingereza imesema huenda ikamchukua na kumdhamini. Bila mdhamini wa huko, serikali haimpi hati ya kusafiria. Na unesi aliosomea hapa, kwao si kitu, mpaka wao wenyewe waseme ni kitu. Wanangoja neno la Bwana Mganga wa misheni, maana ndiye aliyemfundisha. Bwana Mganga amemwambia wazi: jibu likiwa bado, usiguse mgonjwa nje ya hospitali. Usizalishe mtu kijijini. Sifa ikichafuka, watajitoa.

Debora kakubali. Anashinda nyumbani na mimi, anapukuchua mahindi.

Bi Mwanaidi jirani alipita akamtania. "Nesi, ukirudi utatusalimia kizungu, sote tutakimbilia porini." Tulicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Nataka aende. Nataka asiende. Yote mawili ni kweli.

Alhamisi, 9 Juni

Nimerudi kutoka Magindu. Miguu inaniwaka. Watu wa kanisa niliwaambia nakwenda kumwona mjomba.

Nilikwenda kaburini kwa mama. Mama alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa Magindu walipita mikononi mwake. Jina lake lilikuwa Chausiku, na Debora naye kabla ya ubatizo tulimwita Chausiku, jina la bibi yake. Mimi ni Mkristo, najua. Lakini mtoto anakwenda ng'ambo peke yake na sina mtu wa kumpa afuatane naye.

Niliweka unga wa mtama. Nikasema, mama, mjukuu wako anakwenda kwa watu, inuka ufuatane naye.

Kwetu ukishamwinua mzee, humwachi hivyo hivyo. Unamwaga maji, unamwambia sasa kaa, mama, nawe unakaa chini mpaka maji yazame. Ndiyo kumkalisha. Sikumkalisha. Mzee wa kanisa wa kule alikuwa anakuja na njia, niliona shati lake kwenye mikorosho. Nikashika kibuyu changu, nikatoka mbio kama mwizi wa kuku. Maji nimerudi nayo nyumbani.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani. Mahubiri yamenipita. Debora aliimba vizuri.

Jumatano, 15 Juni

Leo kuna jambo la kuchekesha. Mtu wa Magindu anayeuza mbuzi alibisha hodi, kaleta jogoo. Kasema ni shukrani kwa nesi. Dada yake alishikwa na uchungu juzi, mtoto amekaa vibaya, na nesi akatokea mchana wa jua kali akamgeuza. Mtoto wa kiume, mzima.

Debora kamwambia, kaka, mimi juzi nilikuwa hapa hapa.

Yule mtu kacheka. "Haya nesi, kama ni siri tumeificha." Kamwacha jogoo, kaondoka.

Juzi Debora alikuwa amekaa nami uani kutwa nzima, tunachambua kunde. Tumecheka mpaka machozi. Atakuwa nesi mwingine. Lakini Magindu hakuna nesi mwingine.

Jumamosi, 18 Juni

Sicheki tena.

Nilikwenda Mlandizi sokoni kununua chumvi. Mwanamke muuza mihogo akanishika mkono. Shikamoo mama, tunamshukuru mwanao. Alikuja kwetu Alhamisi, akamzalisha mke wa kaka yangu. Gauni jeupe linang'aa hivi. Ila mbona, mama, anatembea bila viatu?

Nikaokota muhogo mmoja, nikaurudisha penye fungu lake.

Akasema walimpikia, akaonja, akasukuma sahani. Alitaka chakula kisichotiwa chumvi. Tena kitovu hakukikata kwa mkasi. Alikikata kwa ganda la bua la mtama, kama wazee.

Mama yangu alikata vitovu kwa ganda la bua la mtama. Alikuwa anachonga mwenyewe, anachoma ncha motoni kwanza. Debora hajui hata linavyochongwa. Alizaliwa mama ameshakufa.

Nimesahau chumvi sokoni.

Jumatatu, 20 Juni

Siku mbaya. Bwana Mganga alimwita Debora, nikafuatana naye. Habari zimemfikia. Nesi wake anazunguka vijijini anazalisha kwa mabua. Alikuwa mwekundu usoni. Alisema amewaandikia watu wa Uingereza kwamba huyu ni msafi na mtiifu, na sasa ameonekana mwongo.

Debora akasema, Bwana, sijatoka nyumbani. Mimi nikaapa. Bwana Mganga akanitazama kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza. Mama humwapia mwanawe siku zote, alisema.

Akaongeza: nikisikia tena, mara moja tu, naondoa neno langu. Hawatakudhamini. Na mimi hapa sitakurudisha kazini.

Njiani Debora hakulia. Alilia tulipofika, alipoona sanduku. Miaka yote ile ya kusoma, akasema, na mtu nisiyemjua ananivulia nguo mbele za watu.

Mtu asiyemjua.

Jumatano, 22 Juni

Nimekwenda tena Magindu. Safari hii sikumficha mtu, wala hakuna aliyeniuliza.

Unga wangu uko pale pale. Kuku hawakuudonoa. Sisimizi wamepita pembeni, wamechora njia yao kuuzunguka. Niliogopa kuliko kama ningeukuta umeliwa.

Nikamwaga maji. Nikasema, mama, sasa kaa. Nikakaa chini.

Maji hayakuzama. Huu ni mwezi wa kiangazi, mchanga mkavu kama majivu, na maji yamesimama juu yake yanatazama mbingu. Nilikaa mpaka kivuli changu kikazunguka upande wa pili. Nikambembeleza. Nikamgombeza. Nikamwambia unamharibia mjukuu wako, mama. Maji yakabaki vile vile.

Nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Ijumaa, 24 Juni

Ameonekana Kisarawe. Hapa. Watoto wamemwona kisimani ananawa mikono. Walimwamkia, hakuitika.

Nimefungua sanduku la Debora. Gauni la juu lina unyevu kwenye pindo, na matope mekundu. Lilikuwa limekunjwa kama nilivyolikunja mwenyewe. Nililinusa. Mafuta ya nyonyo. Mama alijipaka mafuta ya nyonyo maisha yake yote.

Nikamwambia Debora kila kitu. Kaburi, unga, maji. Nilitegemea atanikasirikia. Yeye ni msomi, haamini mambo haya, na nilimwona anataka kutoyaamini. Kisha akaniuliza, "Bibi alikuwaje?"

Nikamsimulia mpaka ugali ukaungua. Namna alivyokuwa anaimba akiwa na mzazi. Namna alivyowatukana waume waliosimama mlangoni. Debora akacheka, akasema hata sisi hospitalini tunawafukuza.

Nimelifua gauni. Tope limetoka. Harufu haikutoka.

Jumanne, 28 Juni

Niandike kama ilivyotokea.

Bwana Mganga alikuja mwenyewe, kabla ya saa sita, bila kutuma habari. Nadhani alitaka kumkosa Debora nyumbani, apate kuondoa neno lake. Alimkuta jikoni anapepeta mchele. Akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake Debora. Nikampa chai. Alikuwa anamwuliza Debora maswali, na Debora amesimama mbele yake mikono nyuma, kama shuleni.

Ndipo Saidi akaja mbio. Ni mkulima wa bondeni, namjua, mke wake alikuwa na mimba pevu. Anatokwa jasho, anacheka. "Hodi, mama! Binti! Nimepata binti! Nesi ananawa mikono, kaniambia nije kwako nichukue kanga kuukuu za kumfungia..."

Akamwona Debora.

Akamtazama usoni, kisha miguuni. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagonga nguzo ya baraza.

Bwana Mganga alimwuliza, nesi gani? Saidi akamnyooshea Debora kidole, akakishusha. Nimemwacha nyumbani kwangu sasa hivi, Bwana. Sasa hivi.

Tukashuka bondeni wote. Bwana Mganga mbele, Debora nyuma yake, mimi na kanga begani. Mzazi alikuwa amelala mkekani, kachoka, mzima. Mtoto ananyonya. Beseni la maji lipo, maji bado yanacheza. Mtu hayumo.

Bwana Mganga akapiga magoti. Alikitazama kitovu kwa muda mrefu. Kimefungwa kwa uzi wa kaniki, fundo dogo, safi. Ganda la bua liko juu ya jani la mgomba, ncha yake imechomwa moto. Alilichukua, akalinusa, akaliweka mahali pake taratibu, kama kitu cha mwenyewe.

Yule mzazi akamtazama Debora akasema, wewe siye. Mnafanana, lakini siye. Yule alikuwa ananiita mwali wangu. Kaenda wapi?

Nikamfunika mtoto kwa kanga.

Tuliporudi juu, Bwana Mganga hakumaliza chai yake. Alisimama mlangoni ameshika kofia. Akamwambia Debora kwamba amemkosea. Kwa yaliyobaki alisema maneno mawili tu, kazi safi, na hakunitazama mimi wala Debora aliposema. Alikuwa anatazama ndani ya nyumba, kule kwenye sanduku.

Alhamisi, 14 Julai

Hospitali ya Uingereza imekubali. Wanamdhamini. Bomani wameanza kumtengenezea hati. Debora amenirukia shingoni kama mtoto.

Nilipiga kigelegele mpaka Bi Mwanaidi akaja na ungo kichwani. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni tusizozihitaji.

Jumanne, 2 Agosti

Kila siku mtu anamwona. Hatushituki sana tena. Jana ilikuwa kwa mke wa mwalimu. Debora ananiuliza asubuhi, leo nimezalisha wangapi, mama? Utani huo. Lakini nimemwona anachukua bua la mtama shambani, anajaribu kulichonga. Linamkatikia. Anajaribu tena.

Mimi nawaza jambo moja. Hakukubali kukaa. Labda si kwa kosa langu. Labda aliona kazi ipo.

Alhamisi, 18 Agosti

Ameondoka.

Lori la kwenda mjini lilijaa watu, magunia, kuku. Debora alipanda, akakaa kwenye benchi la nyuma. Pembeni yake palibaki nafasi ya mtu mmoja. Watu walisimama wameshikilia vyuma, wanabanana, utingo anapiga kelele wakae. Hakuna aliyekaa pale. Mzee mmoja alitaka kukaa, akainama, kisha akanyooka akasema samahani. Akasema hivyo kwa adabu, kwa nafasi tupu.

Debora aliliona hilo. Alinitazama. Nilimwambia vaa sweta, huko baridi.

Lori lilipozunguka kona hakunipungia mkono. Alikuwa ameuinamisha uso upande, kama anasikiliza mtu.

Alhamisi, 1 Septemba

Nimelala mchana. Sijalala mchana tangu nilipojifungua.

Jumapili, 11 Septemba

Kanisani, kisha shambani kidogo. Muhogo umekomaa.

Hakuna aliyeniambia amemwona. Sokoni hakuna, kisimani hakuna. Bi Mwanaidi anauliza habari za Ulaya, namwambia bado.

Jioni alikuja kijana wa Magindu, kaegemea mlango, hana pumzi. Mke wake ana uchungu tangu jana. Walingoja. Wanawake wa kule walimwambia asihangaike, nesi huja mwenyewe. Hakuja. Ndipo akaamua kumfuata.

Nikamwambia wamesafiri.

Akauliza, wote wawili?

Nikasema ndiyo. Nikamwambia asingoje tena, akodi gari, ampeleke hospitali leo hii. Nikampa kanga mbili na maji ya kunywa. Alinywa akiwa amesimama, akanirudishia kata kwa mikono miwili, akaondoka mbio.

Nilibaki mlangoni mpaka vumbi lake likatulia.